Kabla Hujapiga Windows Upya kwa Sababu ya Picha Zilizovurugika

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Kompyuta yake ni Dell OptiPlex 790 ya mtumba, Core i5, RAM GB 4, Windows 10. Akifungua tovuti ya habari, picha zinakatika vipandevipande: jicho la mtu linahamia kwenye paji la uso, pembeni kunatokea mraba mweusi, na akishusha ukurasa kunabaki michirizi ya rangi. Fundi amemwambia apige Windows upya. Anauliza, atoe hela?

Usitoe, ndugu yangu. Bado. Ugonjwa huu una vyanzo vichache, na Windows yenyewe mara nyingi haimo.

Anza na skrinishoti. Picha ikiwa imevurugika mbele yako, bonyeza Windows na PrtSc kwa pamoja, kisha hamishia faili hilo kwenye simu ulitazamie huko. Kama uharibifu umo ndani ya skrinishoti, chanzo kiko ndani ya kompyuta: kivinjari, draiva (programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa), RAM au chipu ya grafiki, ile inayochora picha za skrini. Kama skrinishoti ni safi, achana na kivinjari, shughulika na kebo na skrini. Halafu zima, washa, gonga F2 uingie BIOS, yaani mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, na uangalie. Kama michirizi ipo hata pale, ujue Windows haijaamka bado, kwa hiyo kuipiga upya hakutaponya kitu.

Kwa msomaji huyu BIOS ni safi na skrinishoti ni chafu. Hapo kivinjari na draiva ndio wa kwanza kushukiwa, na sababu ni hii. Vivinjari vya sasa havichori ukurasa wote kwa mkupuo. Vinaukata vipande vya mstatili, vinaviweka kwenye kumbukumbu ya grafiki, kisha chipu ya grafiki inavipanga kama fundi anavyopanga vigae. Draiva ikikosea mahali pa kigae kimoja, unapata jicho kwenye paji la uso. Ndiyo maana uharibifu wa aina hii una kingo zilizonyooka, na wakati mwingine maandishi ya tabo nyingine yanajitokeza katikati ya picha ya harusi.

Core i5 za OptiPlex 790 ni za kizazi cha pili, zilitoka 2011, na nyingi zina grafiki ya Intel HD 2000. Intel haikuitengenezea chipu hiyo draiva ya Windows 10. Inayotumika iliandikwa kwa Windows za nyuma. Kivinjari kinasasishwa kila baada ya wiki chache, draiva imesimama palepale. Siku moja vinashindwa kuelewana, na wewe hujagusa kitu.

Dawa ya kwanza ni kukiambia kivinjari kisiitumie chipu ya grafiki. Kwenye Chrome andika chrome://settings/system juu pale, zima swichi ya "Use graphics acceleration when available", kisha bonyeza Relaunch. Matoleo ya zamani yameandika "hardware" badala ya "graphics", ni kitu kilekile. Edge ni edge://settings/system. Kwenye Firefox fungua about:preferences, shuka hadi Performance, ondoa tiki ya "Use recommended performance settings", chini yake itatokea ya hardware acceleration, iondoe nayo, kisha funga Firefox na uifungue tena. Usiridhike kwa macho tu. Fungua chrome://gpu uone mistari ya juu imebadilika kuwa "Software only". Kwa Firefox fungua about:support, sehemu ya Graphics, Compositing isomeke "WebRender (Software)".

Kama dirisha limevurugika kiasi kwamba hata menyu haisomeki, bofya kulia alama ya Chrome kwenye desktopu, ingia Properties, na mwisho wa mstari wa Target, nje ya alama za nukuu, acha nafasi moja uandike --disable-gpu. Funga Chrome yote kwanza, ndipo uifungue kwa alama hiyo.

Gharama yake ipo. Kazi yote inahamia kwenye prosesa, na video ya 1080p itaanza kukwama. Ishushe iwe 480p au 720p. Ukitaka kubaki na msaada wa chipu, washa swichi tena ujaribu chrome://flags/#use-angle, ubadilishe Default kuwa OpenGL, halafu D3D9 kama ipo kwenye orodha, moja baada ya nyingine, ukizindua upya kila mara. Kuna mashine zinazotulia hapo kabisa.

Draiva nayo iangalie: Windows na R, andika devmgmt.msc, fungua Display adapters. Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", huna draiva kabisa. Tafuta kwenye Windows Update au tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta yako. Zile programu za bure zinazodai kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja zikae mbali na mashine yako.

Sasa RAM, ambayo watu wanaisahau. Grafiki za ndani kama hiyo ya Intel hazina kumbukumbu yake, zinaazima kwenye RAM. Kijiti kikiwa kibovu, uharibifu unahama kila ukipakia ukurasa upya, na mafaili ya ZIP unayopakua yanagoma kufunguka. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi umeme uliobaki uishe, toa vijiti, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa vumbi la kifutio, rudisha mpaka vishikio vilie "ta". Kisha pima RAM kwa mdsched.exe ya Windows, au kwa programu ya Memtest86+ kwenye flashi usiku kucha, kijiti kimoja kimoja. Kosa hata moja likionekana, kijiti hicho ni cha kutupa.

Kwa wenye skrinishoti safi: kebo ya VGA ikikosa nyekundu, skrini yote inaelekea kijani-samawati, ikikosa kijani, inakuwa ya waridi, ikikosa buluu, inakuwa ya njano. Kagua pini, kaza skrubu zote mbili. Kwenye laptopu ni fleksi, kebo bapa inayounganisha kioo na bodi: chezesha kioo mbele na nyuma, michirizi ikibadilika umeipata.

Na si kila picha mbaya ni ya ugonjwa huu. Nusu ya chini ikiwa kijivu, picha haikumaliza kushuka, labda bando limekata. Bonyeza Ctrl na F5. Duara likionekana kama yai, rekebisha rezolusheni. Picha ambazo hazitokei kabisa kwenye Windows 7 huenda ni za AVIF, aina mpya ya faili la picha, ambazo Chrome haikuzijua kabla ya toleo la 85. Chrome ya mwisho kwa Windows 7 ni 109, na Firefox ni 115 ESR.

Kinachoniuma ni hitigani, kile kifaa cha kupuliza hewa ya moto. Mtu ana chipu iliyochoka, bodi inapigwa joto, inaamka, analipa, na baada ya muda mfupi anarudi na michirizi ileile. Joto lile halirudishi chipu katika uzima wake. Kama chipu ya grafiki ya ndani ndiyo mbovu na kompyuta ni ya mezani, nunua kadi ndogo ya PCI Express kama GeForce GT 710: inakula wati 19 tu, haihitaji waya wa ziada wa umeme, ina kumbukumbu yake na ina draiva ya Windows 10. Kwa kasha jembamba dai yenye bamba fupi (low profile), vinginevyo kifuniko hakitafunga. Ukishaichomeka, hamishia kebo ya skrini kwenye kadi.