Jibu: C13 ina noti saba, gitaa lina nyuzi sita

Mkuu, umeuliza utaipigaje C13, kodi (chord, noti kadhaa zinazolia pamoja) yenye noti saba wakati vidole vya kubonyeza ni vinne tu. Hupigi zote! Ukihesabu noti kuanzia C, ya tatu na ya saba ndizo zinazoipa kodi sura yake, hizo zibaki. Ya tano itupe kwanza, hakuna atakayeiulizia. Hata ya msingi, yaani C yenyewe, mwachie mpiga besi, kama yupo.

Anza na kodi ya C9, kwani C13 hujengwa juu yake. Uzi wa kwanza ni ule mwembamba kuliko wote, na freti ni vyumba vya shingo ya gitaa. Weka kidole cha kati uzi wa tano freti ya 3, cha shahada uzi wa nne freti ya 2, kisha laza cha pete freti ya 3 kwenye nyuzi tatu nyembamba. Uzi wa sita usilie. Cha pete kitagoma mwanzoni, na uzi wa kwanza ndio huziba. Piga uzi mmoja mmoja ukague. Ikikaa sawa, ongeza kidole cha mwisho uzi wa kwanza freti ya 5. Hiyo ndiyo C13.

Kodi ya C11 ni kesi nyingine: noti ya tatu inagombana na ya kumi na moja, kwa hiyo hapo tu ya tatu hutoka. Laza kidole kimoja freti ya 3, uzi wa tano hadi wa kwanza, basi. Kila kodi kati ya hizi imalizie kwenye kodi ya F usikie inavyotua.