Barua kwa mwanangu: meneja wa mtandao aambiwe nini

Tabora

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Sisi huku wazima, na mdogo wako anakusalimu. Swali lako nimekaa nalo siku kadhaa kwa sababu sikutaka kukujibu juu juu. Unasema meneja wa mtandao unaouzia kwa kamisheni, ile kampuni inayowaunganisha wenye bidhaa na wauzaji kama wewe, amekuandikia Telegram. Anataka umweleze wateja unawatoa wapi, tangazo lipi linauza zaidi, na umpigie picha akaunti yako ya matangazo ya Facebook. Wenzako wanakushauri useme "Facebook" basi, mengine umezee. Nawe unauliza umwambie kiasi gani.

Kwa maoni yangu, chochote kinachoweza kumtia yeye au mwenye bidhaa hasarani au hatiani, mwambie chote, tena kabla hajauliza. Ujuzi wako wa kuuza ni mali yako na hana haki ya kuudai. Unaweza kumwambia "hilo silitoi" na bado ukawa mtu mwaminifu. Kumwambia uongo ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo sikubaliani na wenzako.

Nimeusoma mkataba ulionitumia, mdogo wako akinisaidia pale Kiingereza kilipokuwa kigumu. Mwenye bidhaa anatoa pesa, mtandao unahesabu mauzo na kukata chake, wewe unapata fungu lako kwa kila anayenunua kupitia linki yako. Mtu akibonyeza, kuki, yaani kifaili kidogo cha kumbukumbu, inabaki kwenye simu yake, na akinunua ndani ya muda uliowekwa, mauzo yanaandikwa kwako. Mwenye bidhaa hakujui. Anachokijua juu yako ni kile alichoambiwa na meneja. Ukituma barua pepe kwa watu wasiokuomba, lawama inamfuata yeye, maana jina lililo kwenye tangazo ni lake. Ndiyo maana mkataba umetaja njia moja moja: matangazo ya kulipia ruksa, barua pepe kwa kibali, kulipia Google ili tangazo lako litokee mtu anapotafuta jina la kampuni yake, marufuku kabisa.

Sasa wewe unatumia barua pepe, na kibali hujaomba. Ukisema "Facebook" tu, hujaficha siri ya biashara, umemdanganya mtu kuhusu kitu alichokukataza. Na usidhani hataona. Mtu anapobonyeza linki, mara nyingi kivinjari chake kinapeleka pia jina la tovuti aliyotokea. Kamisheni ya mwezi kwenye mkataba wako inalipwa siku 30 baada ya mwezi kuisha, na muda wote huo mwenye bidhaa anaweza kuyakataa mauzo. Utakuwa umeshawalipa Facebook kwa pesa yako mfukoni.

Mambo haya yamewahi kufika mbali. Mwaka 2014 huko Marekani, wawili kati ya mawakala wakubwa kabisa wa eBay, lile soko la mtandaoni, walihukumiwa kifungo kwa kupachika kuki kwenye kompyuta za watu ambao hawakubonyeza linki yoyote, wakalipwa kamisheni wasizozifanyia kazi. Najua wewe hufanyi hayo. Nakutajia ujue kwa nini mameneja wanauliza sana.

Kuna na huyo rafiki yako anayebandika linki yako kwenye makundi yake ya WhatsApp, nawe unamgawia. Mtaje. Akiandika uongo kuhusu bidhaa, linki ni yako na jina ni lako, na meneja atakuwa anasikia habari zake kwa mara ya kwanza siku ya malalamiko. Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote uliyoniandikia.

Unajua mnunuzi wa asali anavyofanya akifika hapa nyumbani. Anapaka tone kwenye kioo cha kipimo chake, anakielekeza kwenye mwanga, anasoma maji ni asilimia ngapi. Yakizidi 20 anafunga ndoo na kuondoka. Ananiuliza mizinga iko karibu na mashamba ya tumbaku au la, na dawa zinazopigwa huko. Namjibu yote, maana asali ikikataliwa mbele ya safari hasara ni yake. Lakini akiuliza ni warina gani wa Sikonge wananiletea na ninawalipa shilingi ngapi kwa ndoo, namkaribisha chai. Akishajua hayo, mimi ananihitajia nini?

Meneja wako naye ana watu wengine wanaouza bidhaa ileile. Kwa kawaida kipato chake kinapanda kadiri watu wake wanavyouza, kwa hiyo akijua maneno yako yanauza, hana sababu ya kutowapa wengine. Huenda asiwe na nia mbaya hata kidogo. Atawaambia tu "jaribuni wanafunzi wa vyuo", na wiki ijayo mnagombea wateja walewale na bei ya matangazo inapanda kwenu wote.

Tena unampa bila kuulizwa. Linki uliyonitumia mwezi uliopita ilikuwa na maneno "wanachuo-tovuti-ya-kwanza" mwishoni, ile alama unayoiweka ili ujue mauzo yametoka tangazo lipi. Alama hiyo meneja anaiona kwenye ripoti yake, herufi kwa herufi. Badilisha leo. Andika "a14", "b3", na maana yake ibaki kwenye daftari lako.

Picha ya akaunti nayo ina mengi: gharama ya kila mauzo, majina ya kampeni, umri wa unaowalenga. Mpe tangazo lenyewe kama mteja anavyoliona, na ukurasa linakompeleka. Akitaka picha ya akaunti kuthibitisha kwamba matangazo yanatoka kwako, mpe, ziba tarakimu na umwambie umeziba. Usibadilishe hata namba moja.

Ile orodha ya barua pepe na namba za simu usimpe hata akikuahidi nini. Watu wale walikupa wewe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika 2023, na hata isingekuwepo ningekwambia hivyohivyo.

Na kuna jambo la kumwambia ambalo hujaulizwa. Umeandika kwamba mwezi ujao unataka kuongeza matangazo mara tatu. Wenye bidhaa wengine wanaweka kikomo cha mauzo kwa siku, yanayozidi hayalipwi. Muulize kwanza kama kikomo kipo na kama kinaweza kuongezwa. Meneja anayejua mzigo unakuja anaweza kukutetea kwa mwenye bidhaa, hata kukuombea kamisheni nzuri zaidi au malipo ya haraka. Ukimshtukiza, mauzo mengi ghafla yanafanana na wizi.

Nimekuandikia jibu, lirekebishe kwa lugha yako:

"Habari. Natumia matangazo ya kulipia ya Facebook. Natumia pia barua pepe kwa watu waliojiandikisha kwangu, na naomba kibali chake. Nimesimamisha hadi unijibu. Yupo mtu mmoja anayeweka linki zangu WhatsApp, nitakuletea maneno anayotumia uyakague. Tangazo na ukurasa nimeambatanisha. Ninaowalenga na gharama zangu ni mambo ya ndani ya biashara yangu, sitatoa. Mwezi ujao nataka kuongeza matangazo mara tatu. Je, kuna kikomo cha mauzo?"

Barua pepe zisimame kweli kabla hujatuma hayo. Akikataa kibali, ziache kwa bidhaa ile, na kama ndizo zinazokuuzia zaidi, tafuta mwenye bidhaa anayeziruhusu. Akikubali, usitosheke na maneno ya Telegram, mwombe akuandikie kwa barua pepe ya kazini kwake. Mameneja huhama kazi, na atakayemrithi hatakuwa na habari ya mlichoongea.

Nijulishe alivyojibu.

Mama yako