Mtoto wa miezi 5 na tedi yake: nilichojifunza mimi

Dada uliyeuliza, nimesoma swali lako mara mbili nikaona nikujibu kwa kirefu. Umesema binti yako ana miezi 5, shangazi yake amemletea tedi ya manyoya, na tangu aanze kulala nayo usiku hasumbui tena. Unataka kujua kama ni salama, na kama si salama, ungoje hadi lini.

Itoe kitandani usiku wa leo. Ngoja hadi atimize mwaka mmoja. Mchana akiwa macho nawe uko karibu, acha aicheze atakavyo.

Kifungua mimba wangu alizaliwa Machi, tukiishi mtaa wa Umoja. Julai ikamkuta na miezi 4, na mnaijua Julai ya Nairobi, unapanda kitandani shuka ni kama limetoka kuanikwa kwenye umande. Mama mkwe alikuja kutuona akamletea sungura aliyemfuma mwenyewe kwa uzi wa sufu, mwenye masikio marefu. Kazi ya mikono ya shosho, nani angeikataa? Nikamlaza mtoto naye.

Usiku mmoja niliamka saa tisa kwenda msalani. Stima zilikuwa zimepotea, nikawasha tochi ya simu nimtazame mtoto kwanza. Sikio la sungura lilikuwa limelala juu ya pua na mdomo wake. Hakuwa akilia wala kujitahidi kulitoa. Nilipolivuta, ule uzi ulikuwa umelowa na una joto, joto la pumzi yake mwenyewe. Mtoto alikuwa mzima, alikunja uso kidogo akaendelea na usingizi. Mimi sikulala tena hadi adhana ya alfajiri.

Nilipomsimulia muuguzi wa kliniki, alinieleza ule unyevu maana yake ni nini. Kitu laini kikikaa usoni, hewa aliyoitoa mtoto inanaswa palepale, na pumzi inayofuata anaivuta hiyohiyo, oksijeni imepungua na kabonidioksidi imezidi. Wewe au mimi tungeshtuka tukageuka. Mtoto mchanga ubongo wake bado haumwamshi haraka hivyo, na shingo na mikono haijapata nguvu ya kujiokoa. Ndiyo maana vifo vya ghafla vya watoto usingizini hutokea zaidi mtoto akiwa na umri wa kati ya mwezi 1 na miezi 4, na vingi sana kabla ya miezi 6. Wako bado yumo kwenye kipindi hicho. Kama alizaliwa kabla ya siku zake, hatari ni kubwa zaidi.

Madaktari wa watoto wa Marekani na mashirika ya Uingereza yanayoshughulikia vifo hivi wanasema jambo moja: mtoto alazwe chali, godoro gumu lililokaza shuka lake, na kitandani kusiwe na mto, blanketi lililo huru, wala mwanasesere, hadi mwaka mmoja. Kuna watu huona haya ni mambo ya vitabuni. Uingereza ilipoanza kampeni ya kuwahimiza wazazi walaze watoto chali mwaka 1991, vifo hivyo vilipungua sana. Hakuna dawa wala mashine iliyohitajika, ni namna ya kumlaza tu.

Kuna mchangiaji hapo juu amesema umfunike mtoto uso kwa leso mchana, akiitoa basi yuko tayari kulala na tedi. Mama, tafadhali, usifanye hivyo. Mtoto aliye macho anaitoa, hata wangu alikuwa akiitoa huku anacheka. Aliyezama usingizini ni mwingine kabisa. Wangu wa usiku ule alikuwa na mikono yote miwili huru.

Baridi ndiyo hufanya wengi wetu tujaze kitanda, naielewa. Mimi nilinunua kitambaa cha flisi, fundi wa mtaani akanishonea mfuko wa kulalia, wenye matundu ya mikono na shingo iliyobana kiasi kichwa kisiweze kuzama ndani. Miguu inacheza huko chini, hakuna blanketi la kupanda usoni. Ukitaka kujua kama ana baridi, mguse kifuani au kisogoni, viganja vya mtoto huwa baridi hata akiwa sawa. Kofia mvue akiwa ndani, joto la kupita kiasi nalo ni hatari. Na jiko la makaa lisilale ndani ya nyumba kamwe, kila msimu wa baridi tunazika watu kwa sababu hiyo.

Najua pia wengi tunaishi chumba kimoja na mtoto analala kitandani kwetu. Ni salama zaidi awe na mahali pake, karibu na kitanda chenu. Hata beseni kubwa lililo bapa chini, lenye tandiko gumu lililokaza, nimeona likiwafaa watu akiwa bado mdogo. Na usilale naye kwenye sofa hata kwa dakika 10, sofa ndiyo mbaya kuliko zote.

Sasa hiyo tedi ambayo ameshaizoea. Wa pili wangu nilimfanyia hivi: wakati wa kumnyonyesha usiku nilimpa kipande cha leso yangu kuukuu akishike, anakinusa, anakisugua shavuni. Akianza kulegea nakitoa mkononi ndipo namlaza. Usiku 3 za mwanzo alilia, nikakaa naye nikimpapasa tumbo. Usiku wa nne alilia kidogo tu. Alipotimiza mwaka na mwezi mmoja nikamwachia alale nacho, kipande kisichozidi kiganja changu. Nilikata viwili vinavyofanana, na hilo nakusihi ulifanye, kwa sababu siku ya kufua alikuwa akikaa chini ya kamba ya nguo akikililia.

Ukifika wakati wa kumrudishia tedi, iwe ndogo na nyepesi. Kubwa inageuka ngazi ya kupandia vizuizi vya kitanda. Kama ni ya mitumba ya soko la Gikomba au Toi, yavute macho ya plastiki na vifungo kwa nguvu zako zote. Kikilegea hata kidogo king'oe, ushone macho kwa uzi. Kata riboni. Kagua mshono wa tumboni, pamba isianze kutoka.

Kwa shangazi mtu, mimi nilimwambia mama mkwe ukweli, nikamwonyesha lile sikio lililolowa. Aliniambia, "Mwanangu, sikujua." Akamtundika sungura ukutani yeye mwenyewe, mahali mtoto anamwona akiamka.

Na jambo la mwisho, usingizi wa mchana ni usingizi pia. Kama unamwachia dada wa kazi, mwonyeshe kwa vitendo. Tandika kitanda mbele yake, ukipige picha kikiwa kitupu, umtumie kwenye simu. Wetu aliibandika picha yake mlangoni.