Kabla Hujatoa Hela: Kuipima Albamu ya Mkusanyiko ya Saitransi ya Giza

Ukikutana na albamu ya mkusanyiko ya saitransi ya giza, jalada liweke pembeni. Majalada ya muziki huu yanafanana: fuvu, jicho la tatu, uyoga wenye meno, au mungu wa Kihindu aliyepakwa macho mekundu. (Hilo la miungu silipendi. Kama una jirani Mhindu, wa Upanga au wa Mombasa, muulize angejisikiaje kumwona Kali akitangaza disko.) Tafuta kwanza jina la aliyezichagua nyimbo. Huandikwa nyuma ya jalada au chini kabisa ya ukurasa wa duka: imekusanywa na fulani. Mara nyingi ni DJ au mwenye lebo (kampuni inayotoa muziki) aliyewaomba wasanii wanane au tisa, kila mmoja atoe wimbo ambao haujatoka kwingine, halafu akakaa chini kuzipanga. Pasipo na jina hapo, mimi huanza kushuku kwamba folda ilijazwa tu ijae.

Kwa wasioujua muziki wenyewe: ni muziki wa dansi wa kielektroniki, mtoto wa transi ya Goa, iliyokulia kwenye fukwe za Goa nchini India, hasa Anjuna, mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sherehe za huko zilianza usiku zikapitiliza mpaka jua linawaka, na DJ alitakiwa ajue saa. Usiku wa manane alipiga vitu vizito na vya kutisha, kukipambazuka, akalegeza. Goa Gil, Mmarekani kutoka San Francisco aliyelowea huko na kufariki mwaka 2023, alijulikana kwa seti za saa nyingi mfululizo, na alibaki upande wa giza hata wengi walipohamia kwenye transi ya kuchangamka. Mwaka 1998 Mjerumani Xenomorph alitoa albamu ambayo wengi huihesabu miongoni mwa mizizi ya mtindo huu. Kisha miaka ya 2000 Warusi kama Parasense na Kindzadza wakauongezea ukali, na lebo kama Parvati Records ya Denmark zikaufanya kuwa kazi yao hasa.

Kitu cha kushika katika historia hiyo ni kwamba huu ni muziki wa saa maalumu. Ni ule usiku kuanzia saa sita mpaka saa kumi na moja alfajiri. Mkusanyiko unaodai kuwa wa giza unapaswa kukupitisha kwenye saa hizo, na hicho ndicho kipimo changu kikuu. Nyimbo tisa nzuri zisizokupeleka popote hazijawa albamu.

Sisi wa huku tuna faida moja. Mzungu akisikia mapigo 150 au 160 kwa dakika kwa mara ya kwanza huona spidi imezidi. Mtu wa Tandale au Manzese aliyelelewa na singeli, inayokimbia mapigo 200 na zaidi, mara nyingine ikakaribia 300, hatishwi na hilo. Wala dakika nane za wimbo mmoja hazimchoshi mtu aliyezoea taarabu ya kisasa. Kinachomchanganya ni kutomwona mtu ndani ya wimbo: hakuna MC, hakuna kiitikio, hakuna hata wa kumtunza. Ukikaa kusubiri kiitikio utasinzia. Sikiliza kinachoingia na kinachotoka. Kwenye wimbo uliotengenezwa kwa akili, kila baada ya karibu nusu dakika kuna kitu kimeongezwa, kimeondolewa au kimepinda kidogo, na mwili unakijua kabla kichwa hakijakijua.

Sasa tuje kwenye kiki, yaani lile pigo zito la ngoma linaloshika mwendo, na besi, maana hapa ndipo albamu nyingi zinapofia.

Mimi riziki yangu ni mitambo ya sauti, harusi na mikutano zaidi, kwa hiyo hili nalisikiliza kwa sikio la kazi. Wimbo wa mapigo 150 kwa dakika unarudisha kiki kila baada ya sekunde 0.4. Kati ya kiki na kiki zinapachikwa noti tatu fupi za besi, na kila noti ina nafasi ya sekunde 0.1 tu. Ndiyo ile du-gu-du-gu, du-gu-du-gu unayoisikia kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkia wa kiki ukirefuka kidogo, unaikanyaga noti ya kwanza ya besi. Noti za besi zikirefuka, zinashikana na kuwa ngurumo moja ya lori lililokwama kwenye tope. Hapo hata prodyuza apachike sauti za ajabu namna gani juu yake, wimbo hauchezeki. Miguu haidanganyiki.

Tatizo ni kwamba besi hiyo ipo chini sana, kwenye Hezi 40 hadi 50 hivi, na spika ya simu haifiki huko. Unachosikia kwenye simu ni kucha za besi. Mwili wake haupo. Kwa hiyo usiihukumu albamu ya namna hii kwa simu uliyoiegemeza kwenye kikombe. Tafuta hedifoni zinazofunika masikio, au sabufa. Sabufa ya kawaida ya nyumbani inatosha, ila kitufe cha besi ulichokijaza kwa ajili ya bongofleva kirudishe katikati, la sivyo kila wimbo utaonekana mbaya. Kisha shusha sauti, ifike kiwango ambacho watu wawili wanaweza kuongea bila kupaza. Kama bado unazisikia zile noti tatu zikiwa zimeachana, aliyetengeneza anajua kazi. Kama zimeyeyuka zikawa uji, kupandisha sauti hakutazirudisha.

Fanya hivyo kwa kila wimbo, dakika moja moja tu, ukianzia katikati. Usianzie mwanzo. Nyimbo hizi huanza na kuishia na sehemu kavu, ngoma na vitu vichache, ili DJ apate pa kuunganishia. Anayesikiliza nyumbani huona kama msanii kachelewa kuanza, akampunguzia maksi bure. Na kama mkusanyiko umeshaunganishwa na DJ toka mwanzo hadi mwisho, elewa unanunua safari yake: raha kusikiliza, lakini kama nawe unapiga, hautakufaa sana.

Halafu yapo mayowe. Muziki huu unapenda kuokota maneno kwenye filamu za kutisha, vilio, vicheko, milango inayolia. Kikitumika kimoja mahali pake, nywele zinasimama. Lakini kuna mkusanyiko ninao ambao wimbo wa nne, kwenye dakika ya tatu na kitu, kiki inaondoka, mwanamume anacheka kama mchawi wa filamu za Kinaijeria, kiki inarudi. Wimbo wa tano, vilevile, mahali palepale. Wa sita nao hivyohivyo, tofauti ni kwamba safari hii analia mwanamke. Sina ugomvi na wasanii hao watatu, kila mmoja alikuwa chumbani kwake na hakujua mwenzake kafanya nini. Aliyelala ni mkusanyaji. Kazi yake ilikuwa kuusogeza mmoja mbali, au kumwambia mwenye wimbo apunguze.

Giza lenyewe linatokana na vitu vidogo zaidi. Sauti inapanda taratibu, unaisubiri ifike, haifiki. Mwangwi unakatwa kabla haujaisha. Kitu kinatambaa kutoka sikio la kushoto kwenda la kulia, na kinaporudi kimebadilika umbo. Kuna tawi la mtindo huu linaloitwa la msituni ambalo limebobea hapo: unasikia matone, vyura, matawi yanayovunjika, na vyote vimetengenezwa na sintesaiza, mashine ya kuunda sauti. Jipime hivi: yafute mayowe yote kichwani, kisha jiulize kama wimbo bado unakutia wasiwasi. Wimbo ukibaki mtupu, umeuziwa filamu.

Wapo watakaokuambia haueleweki bila kutumia kitu. Siwaamini. Mkusanyiko unaohitaji kichwa kilichovurugwa ndipo usikike vizuri umeshafeli.

Ukishamaliza ukaguzi wa nyimbo, sikiliza yote kwa mpangilio wake, mara moja, usiku, bila kuruka. Chukua karatasi uandike spidi ya kila wimbo. Programu yoyote ya DJ itakupa namba. Mkusanyiko uliopangwa vizuri huwa na njia inayoonekana hata kwenye namba tupu: 146, 148, 148, 150, 153, 156, kisha pengine unarudi chini kupumzika kabla ya kumaliza. Ukikuta 150, 172, 147, 165, huenda nyimbo zilipangwa kwa ukubwa wa majina. Wimbo wa mwisho nao usiupuuze. Wengine humaliza na kipande kisicho na ngoma kabisa, wengine na wimbo wenye mwanga kidogo, kama alfajiri inavyotakiwa. Kumaliza kwa kishindo kisha kimya cha ghafla naona ni kutokuwa na adabu, ingawa najua wapo wanaokipenda.

Zamani mpangilio ulilindwa na CD yenyewe. Inabeba dakika 80 hivi, kwa hiyo nyimbo za dakika nane zikifika tisa, diski inakaribia kujaa, na mkusanyaji alilazimika kukataa. Leo kwenye intaneti hakuna ukomo, na unakuta mikusanyiko ya nyimbo 25 au 30. Mingine ni ya kuchangisha pesa kwa jambo jema, nayo nainunua kwa sababu hiyo. Lakini kumkatalia rafiki wimbo wake ni nusu ya kazi ya mkusanyaji, na kwenye nyimbo 30 ni wazi hakuna aliyekataliwa.

Angalia pia majina. Wasanii wa fani hii hupenda kuwa na majina mengi ya kazi, na wakishirikiana wawili hujiandika na "vs" katikati au hubuni jina jipya kabisa. Unaweza kuona wasanii tisa kwenye orodha, ukichimba unakuta mwenye lebo yumo mara tatu. Si dhambi, ila kama ulinunua ili uonje watu tofauti, ni vizuri ujue.

Masteringi, yaani ule usawazishaji wa mwisho wa sauti kabla albamu haijatoka, nitaipita haraka: ikiwa unalazimika kugusa sauti kati ya wimbo na wimbo, haikufanywa kwa pamoja. Basi.

Kuhusu kununua, Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, hukuwezesha kusikiliza kabla ya kulipa, na lebo nyingi ndogo huacha uamue bei mwenyewe. Tovuti ya Ektoplazm imehifadhi saitransi nyingi inayopakuliwa bure kwa ridhaa ya wasanii, na kwa anayeanza ndipo pa kujifunzia sikio bila kupoteza hela. Fikiria na bando. Albamu ya dakika 72 ikiwa WAV, faili lisilobanwa, ni zaidi ya MB 700. Ikiwa MP3 ya kiwango cha juu, kilobiti 320, ni kama MB 170. Kwa kusikiliza, hiyo MP3 haina shida yoyote. Anayetaka kupiga kwenye mitambo mikubwa achukue WAV au FLAC (iliyobanwa bila kupoteza sauti), na apakue usiku bando linapokuwa rahisi.

Hesabu yangu ya mwisho ni rahisi. Wiki moja baada ya kusikiliza, natazama nyimbo ngapi nimezirudia bila kujilazimisha. Tatu kati ya tisa ni mkusanyiko mzuri, kwa muziki huu. Ikiwa ni moja tu, nainunua hiyo peke yake pale duka linaporuhusu, na jina la msanii wake nalitafuta kwenye mikusanyiko mingine.