Protini ya damu ya mama, albumini, ilikuwa 21, sisi tukakimbilia mayai

Mwaka juzi miguu ya mama ilianza kuvimba. Mwanzoni ilikuwa jioni tu, akilala, akiamka asubuhi imeshuka, tukasema ni uzee na ile kusimama gengeni kutwa nzima, baadaye ikawa akiamka uso ndo umevimba, macho hayafunguki vizuri, na ukimbonyeza kwenye muundi kwa dole gumba panabaki shimo kama umebonyeza donge la chapati. Tukampeleka dispensari moja ya mtaani, wakatoa damu, jibu likaja: protini iko chini, mama hali vizuri. Basi.

Aisee sisi watoto tulijisikia aibu balaa. Kaka akaanza kutuma hela ya nyama kila wiki, dada akanunua kopo la ule unga wa protini wa wanaobeba vyuma (bei yake usiulize), mi nikapewa zamu ya mayai, matatu kila asubuhi, mchana maharage na dagaa, jioni supu ya pweza. Mwezi mzima. Mama akachoka kula na miguu ikazidi kuvimba.

Kosa letu ni kwamba hakuna aliyeuliza protini ipi, na inaenda wapi. Tulidhani yai likiliwa linaingia kwenye damu likiwa yai, kumbe tumbo linavunja kila kitu mpaka vipande vidogo kabisa, halafu mwili ndo unaunda upya protini zake wenyewe, na fundi mkuu wa kazi hiyo ni ini. Kwa hiyo mtu anaweza kula kuku mzima kila siku na bado protini ya damu ikawa chini, ini likiwa limechoka halitengenezi, au kuna sehemu inavuja.

Kwenye ile karatasi ya majibu kulikuwa na mistari mitatu ambayo hakuna aliyetuelezea: protini jumla, albumini, globulini. Albumini ndo nyingi kuliko zote, zaidi ya nusu ya protini zilizomo kwenye yale majimaji ya njano ya damu, mtu mzima mwenye afya anakuwa nayo kama gramu 35 mpaka 50 kwa lita. Mama alikuwa na 21. Kazi yake kubwa ni kuyashikilia maji yabaki ndani ya mishipa, ikipungua maji yanatoka yanajaa kwenye nyama, miguu, uso, hata tumbo. Hata mtoto mwenye kwashakoo anayevimba, albumini yake iko chini. Halafu pia ni mbeba mizigo, inabeba kalsiamu, mafuta, na dawa nyingi unazomeza, ndo maana ikishuka daktari anaweza kuangalia upya dozi za baadhi ya dawa.

Globulini ni kundi, sio kitu kimoja. Kuna inayobeba madini ya chuma inaitwa transferini, na kuna kingamwili, askari wa mwili dhidi ya magonjwa, hizi hazitoki kwenye ini, zinatengenezwa na jamii ya chembe nyeupe. Unajua mjamzito anapochomwa sindano ya pepopunda, kingamwili zake zinavuka kondo la nyuma zinamkuta mtoto tumboni, anazaliwa tayari ana ulinzi. Sasa mama alikuwa anaugua kifua mara kwa mara kipindi kile na hatukuunganisha kabisa kwamba na hizi zilikuwa zinapotea.

Ya tatu ni fibrinojeni, hii haikuwepo kwenye karatasi yetu. Ukijikata inageuka nyuzi nyuzi kama wavu, inanasa chembe za damu, ndo damu inaganda. Wakikutoa damu kwenye kile kichupa cha kifuniko chekundu wanaiacha igande kwanza, na maji yanayobaki juu fibrinojeni yake imeshatumika kwenye bonge.

Na kitu kilichotupoteza zaidi ni wingi wa damu. Mama alikuwa na 12, kila mtu anasema damu anayo, tatizo nini? Kumbe kipimo hicho kinaangalia hemoglobini, ni protini kweli, ila yenyewe inakaa ndani ya chembe nyekundu, inabeba oksijeni, kwa hiyo kuwa nayo ya kutosha hakukwambii chochote kuhusu albumini.

Tulipofika kwa daktari mwingine hakuuliza hata anakula nini. Alimuuliza, "Mama, mkojo wako una povu?" Mama akacheka, "Una povu mwanangu kama nimemwaga sabuni ya unga, nilijua ni ile dawa wanayosafishia choo." Kijiti kikachovywa kwenye mkojo, plasi tatu za protini. Sukari anayo miaka 11, figo zimeanza kuvuja, albumini yote inaishia chooni. Hata kolestro yake iliyokuwa juu tukaambiwa inahusiana, ini likiona albumini inapotea linajikaza kutengeneza vitu vingi na mafuta ya damu nayo yanapanda.

Kopo la unga likasimamishwa siku hiyo hiyo, figo inayovuja ukiijazia protini unaiongezea mzigo. Akaambiwa ale kawaida tu, yai moja linatosha, chumvi apunguze kweli kweli, akaanzishiwa losatani (dawa ya presha inayosaidia pia figo zisivuje sana) na dawa ya kukojoza. Usikopi dawa za mama yangu tafadhali. Ila kama una mgonjwa anavimba na umeambiwa protini iko chini, kabla hujaenda buchani omba apimwe mkojo, sisi kipimo hicho kilikuwa bei rahisi kuliko trei la mayai, na uulize na ini lipoje.

Halafu msiwe na haraka kama mimi. Nilimrudisha kupima baada ya siku tisa, haikuwa imesogea, nikalipa bure, albumini moja inakaa kwenye damu kama wiki tatu hivi kwa hiyo inapanda taratibu. Baada ya miezi miwili tukapima maabara nyingine, karatasi inasema 2.9, dada akaanza kulia kwenye simu, kutoka 21 mpaka 2.9! Ikabidi nimpigie picha pale pembeni ya namba: hawa wanaandika gramu kwa desilita. Ni 29.