Mwanangu, hina haitaki haraka

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Huku Tanga hatujambo. Kipupwe kimeingia, baba yako analala na mablanketi mawili, kwa hiyo najua huko Njombe hali ikoje.

Umeniuliza natumia hina ya pakiti gani, maana yako imetoka rangi ya papai lililoiva, na panjani mvi zimebaki nyeupe kana kwamba hukuzigusa. Unataka jina la pakiti ukainunue kabla shule hazijafunguliwa. Jina halitakusaidia. Nimesoma ujumbe wako mara mbili na kosa nimeliona humo humo: asubuhi ulipaka mafuta ya nazi, ukakoroga unga kwa maji ya moto yaliyochemka, ukangoja saa moja, ukakaa nayo kichwani saa moja, ukaosha kwa shampuu. Hata ingekuwa hina ya Rajasthan kule India iliyochekechwa mara tatu, isingeshika. Hina haitaki haraka, mwanangu. Maneno haya umeyasikia tangu ulipokuwa ukipakwa viganjani siku ya Idi ukakimbilia kunawa.

Jani la mhina lina rangi ndani yake inayoitwa lawsoni. Unga ukilowa kwa maji yenye uchachu kidogo, rangi hiyo hutoka polepole, na ikiukuta unywele mkavu usio na mafuta huingia na kushikamana na keratini, ile protini ya unywele. Ikishashika haifutiki, itabaki mpaka unywele ukatwe. Kinachoisaidia kutoka ni joto la kadiri. Maji yanayochemka huiharibu kabla haijafika kichwani. Huku kwetu wakati wa kaskazi bakuli likikaa mezani saa tatu au nne hina imekuwa tayari. Wewe uko juu karibu mita 2,000, na Julai baridi yenu usiku hushuka chini ya nyuzi 10. Hina ya saa moja huko bado ni majani mabichi. Ikoroge usiku, funika, izungushie blanketi na uiweke karibu na jiko kama tunavyouweka mkate wa kumimina ukiumuka, uipake asubuhi. Saa kumi na mbili si nyingi.

Utajuaje kuwa iko tayari? Fungua bakuli uitazame juu. Uso wake utakuwa umegeuka kahawia, na ukiufukua kwa kijiko, chini bado ni kijani. Chukua tone moja, liweke katikati ya kiganja, hesabu dakika tano, lifute. Likiacha doa la rangi ya chungwa lililo wazi, anza kupaka. Likiacha kivuli tu, ngoja. Na ukiisahau siku nzima kwenye joto, doa litaanza kufifia tena, maana rangi imekwisha nguvu. Inayobaki igandishe kwenye friza, itafaa mwezi ujao.

Vipimo: nywele zako zinafika mabegani, chukua gramu 200. Ukigusia mashina tu, 50 zinatosha. Kila gramu 100 zinataka maji ya vuguvugu karibu mililita 300, lakini yatie kidogo kidogo hadi upate uji mzito usiodondoka kwenye kijiko. Ndimu vijiko viwili vya chakula, basi. Wako wanaokamua ndimu sita wakidhani rangi itazidi, kisha wanajikuna wiki nzima na nywele zinakuwa kama makumbi. Maji ya ukwaju ni mapole zaidi kwa ngozi yako. Chai ya rangi si lazima. Bakuli liwe la udongo, la kioo au la plastiki, na mwiko wa mti. Unga upitishe kwenye chujio la chai kwanza, kwa sababu vijiti vikibaki utavichambua kichwani siku tatu.

Sasa hizo panja. Unywele wa mvi wa panjani ni mgumu na mtelezi, hauli rangi upesi kama wa utosini. Tena nina hakika ulifanya lile ambalo sote huku tunafanya: ulipaka mafuta kwenye paji la uso na masikioni ili hina isiache alama, mafuta yakapanda kwenye nywele za ukingoni. Palipo na mafuta hina haishiki. Mafuta yapakwe kwa ncha ya kidole, yaishie upana wa punje ya mchele kabla ya unywele wa kwanza. Nywele zenyewe ziosheni kwa shampuu mara mbili, wewe na huyo mwenzako mnayesaidiana, bila kondishena, zikauke hadi ziwe na unyevu tu.

Anza panjani na mbele, ndipo pakae muda mrefu kuliko pengine. Gawa njia nyembamba, nusu ya upana wa kidole, na hina uibandike nene kama udongo wa ukutani. Usiipake kama losheni. Vaa glavu. Ukimaliza, vaa kofia ya nailoni ya kuogea (ile mifuko ya plastiki tuliyokuwa tukifungia kichwa ilipigwa marufuku mwaka 2019), kisha kilemba cha taulo juu yake. Hina ikikauka kichwani imeacha kufanya kazi. Kaa saa tatu, kwa panja zako hata nne.

Kuosha, inamisha kichwa kwenye ndoo ya maji uiache ilainike, ndipo usuuze. Shampuu usiiguse siku mbili. Rangi ya papai itakuwapo siku ya kwanza, na hapo ndipo wengi wanapolia. Inakutana na hewa, inakolea, siku ya tatu ni nyekundu ya kahawia. Ndiyo maana mtu hapaki usiku wa kuamkia kazini. Paka Ijumaa.

Weusi je? Hapa ndipo ulipoandika neno lililonishtua: kwamba dukani kwenu wanauza hina nyeusi, inakolea kwa nusu saa, na mwenzako ameisifu.

Mwanangu, hina nyeusi haipo. Jani la mhina halina weusi. Ukiona pakiti inaahidi weusi kwa nusu saa, humo mna dawa inayoitwa parafenilinidiamini, ile ile iliyomo kwenye piko wanayochorwa maharusi. Ulaya, ndani ya rangi za nywele wanaoziruhusu, dawa hiyo haitakiwi kuzidi asilimia 2. Kwenye kijipakiti kisicho na maandishi nani amepima?

Habari ya shangazi yako unaijua juu juu tu, kwa kuwa nyumbani haizungumzwi. Alhamisi jioni kabla ya harusi ya binti yake, mvi zilikuwa zimetokeza, na hina ya kawaida ingemwachia wekundu. Akaletewa kijipakiti. Nusu saa, nywele nyeusi zinang'aa kama manyoya ya kunguru, nyumba nzima ikapiga vigelegele. Mimi nilikuwepo na nilisifu. Ijumaa alianza kujikuna nyuma ya masikio, jioni paji lilikuwa limevimba na linatoa maji, Jumamosi alfajiri macho hayakufunguka. Alilazwa. Hakumwona mwanawe akipanda gari kwenda kwa mumewe. Tazama albamu ya harusi ile ukija, mama wa bibi harusi hayumo hata picha moja.

Alikuwa amepakwa piko mikononi harusi nyingi kabla ya hapo, na kila mara ilimwasha kidogo. Tukidhani ni ndimu. Kumbe mwili ulikuwa ukiizoea kwa ubaya: dawa hiyo ikishaukera mwili mara moja, kila inaporudi hupokewa kwa hasira zaidi, na kichwani hupakwa nyingi. Tangu hapo hawezi kugusa hata rangi za saluni. Kwa hiyo soma nyuma ya pakiti. Iandikwe Lawsonia inermis peke yake, yaani jina la kitaalamu la mhina. Unga uwe kijani cha majani makavu, unuke nyasi. Kisha utie tone nyuma ya sikio ungoje saa 48, hata kama hina ni ya mhina wa uani kwetu. Na ukusanye nywele za kwenye kitana, uzipake kwanza hizo. Nywele zako zina dawa ya kulainisha, na hina zilizochanganywa na chumvi za madini zikikutana na kemikali za saluni huzikata nywele au kuzigeuza kijani. Hina tupu haina taabu hiyo, ila uipishe wiki mbili na dawa.

Anayetaka weusi bila dawa hutumia unga wa mnili, wenyewe huuita wasma au indigo. Si ile bluu ya kufulia mashuka. Kwanza paka hina, osha, kisha ndipo mnili ufuate siku hiyo hiyo au kesho yake. Maji ni yale yale ya vuguvugu, lakini mengine ni kinyume cha hina: chumvi kidogo, ndimu hapana kabisa, na haulazwi. Dakika 15 baada ya kukorogwa uso wake unaingia bluu, na hapo upakwe upesi maana unakufa. Saa moja na nusu, suuza. Utaona kijani, usitaharuki, kwa siku mbili tatu unageuka mweusi. Mnili peke yake juu ya mvi hutoa bluu au kijani cha kutisha, kwa sababu hauna wekundu wa kuukalia. Ukitaka kahawia ya kifuu cha nazi kilichokauka, changanya nusu kwa nusu ukapake mara moja, kila unga ukorogwe bakulini mwake na uunganishwe dakika ya mwisho.

Je, utie weusi? Nilikaa na kalamu hapa muda mrefu. Hadithi ya mzee Abu Quhafa, baba yake Abubakar, unaijua: siku ya kufunguliwa Makka aliletwa kichwa na ndevu nyeupe kabisa, Mtume akasema zibadilishwe, ila waepuke weusi. Wanazuoni wamelizungumza kwa namna zaidi ya moja, na wengine wanalitazama kwa wanawake kwa jicho jingine. Mimi nimeishi na wekundu wangu na baba yako hajalalamika. Lakini wewe una miaka 34, watoto wa darasani wanakuita bibi, na naona uchungu wake kwenye maandishi yako. Nikikwambia acha, ni mimi nitakayekuwa nimetulia, si wewe. Nikikwambia tia, nitamkumbuka shangazi yako kila Ijumaa. Ningependa ubaki na wekundu. Basi, nimekwisha kusema, na kichwa ni chako.

Moja usinibishie: mjukuu wangu asipakwe nyayoni wala kiganjani, hata nyanya yake wa huko akitaka. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kile kinacholinda chembe za damu, na pande hizi zenye malaria si wachache. Hina ikipita kwenye ngozi yao laini, damu huvunjika, mtoto anageuka manjano.

Mashina utayarudia kila baada ya wiki nne hadi sita, maana nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Usirudie urefu wote kila mara, ncha zitakuwa nzito na zenye rangi iliyokolea kuliko juu.

Nimechuma majani ya mhina wa uani, nimeyaanika kivulini, nimeyatwanga kinuni na kuyachekecha: gramu 500 kwenye kopo la maziwa, limezibwa kwa nta. Kopo limepanda basi la Dar leo, mdogo wako atalipakia la Njombe kesho jioni. Ukilipokea liweke mbali na mwanga. Lile tone la nyuma ya sikio litie siku hiyo hiyo, kabla hujakoroga hina ya kichwa.

Mama yako.