Mume Amelikataa Jina Nililomchagulia Binti Yetu

Swali: Shangazi, binti yangu ana wiki tatu na bado hana jina. Nimemchagulia Ukungu, neno tamu la kipekee linalonikumbusha alfajiri, lakini mume wangu analidhihaki. Mama yake anang'ang'ania Subira, nami najua ananisimanga kwa kuwa nilikaa miaka sita bila kushika mimba. Nifanye nini?

Jibu: Mwanangu, pole kwa uchovu wa uzazi, na pole yangu inaishia hapo. Katika barua yako ndefu, ambayo hapa tumeifupisha, nimehesabu neno "kipekee" mara tano, ilhali mtoto atakayeubeba upekee huo umemtaja mwanzoni tu. Marafiki zako wamelisifu jina, naam, lakini hakuna hata mmoja wao atakayeitwa nalo.

Unasema mumeo ana dhihaka; mimi namwona kuwa ndiye pekee aliyefungua kamusi. Ukungu ni ule weupe wa alfajiri, kweli, lakini pia ni ule utando unaoota ukutani penye unyevu na kwenye viatu vilivyosahauliwa kabatini. Unadhani wenzake darasani watashika maana ipi?

Sisemi kwamba majina ya maneno ni mabaya. Chausiku alizaliwa usiku, Tabu alikuja kwa taabu, na Sikitu aliitwa hivyo, yaani si kitu, ili kifo kilichokwisha kuwachukua ndugu zake kimpite bila kumtamani. Hata Waingereza wa karne ya 17 walioishika dini kwa ukali walikuwa na majina ya namna hii: Praise-God Barebone, ambaye jina lake la kwanza ni sawa na kusema Msifu Mungu, aliingia bungeni mwaka 1653, na wapinzani wakalibandika Bunge zima jina lake la ukoo kwa kejeli. Majina hayo, yawe mazuri au mazito, yalikuwa na habari ya kusimulia. Lako linasimulia tu kwamba mama alipenda mlio wa neno.

Sasa tuje kwa mkweo, ambaye ndiye kiini cha barua hii. Mtu anayetaka kukusimanga hamtwiki mjukuu wake simango hilo alibebe maisha yote. Mama huyo alisubiri pamoja nawe, na kwa maelezo yako mwenyewe, katika miaka yote sita hakuwahi kumshauri mwanawe aoe mke mwingine, jambo ulilolipitia haraka kana kwamba halina uzito. Kidonda ni chako, mwanangu, na kila anayetamka subira unamwona anakitonesha.

Mwite Subira. Ukungu liwe jina la kumbembelezea usiku, kati yenu wawili, hadi atakapokua na kuamua mwenyewe kama analitaka. Na mkweo akija, mpe mtoto ampakate, kisha umwombe awe wa kwanza kumwita kwa jina lake.